Ulipopita kwenye matuta, tumbo liliuma?

Mgonjwa akiletwa kwetu usiku ameshika tumbo upande wa kulia, kabla sijamwambia alale kitandani humwuliza amekuja na nini. Akisema amekuja na boda boda au matatu, swali la pili ni hili: mlipopita kwenye matuta ya barabarani, tumbo lilikuwaje? Wengine hunitazama wakidhani nawapotezea muda. Wenye apendiksi iliyovimba, yaani kile kimrija cha utumbo kilicho chini kulia, hujibu papo hapo. Mzee mmoja aliniambia alimlipa mtu wa boda nauli kamili wakiwa bado Donholm, akashuka, akatembea kilichobaki polepole huku ameinama, kwa sababu kila tuta lilikuwa linamtoa machozi.

Mimi ni afisa wa kliniki katika idara ya dharura ya hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Naandika haya kwa sababu mtoto wa dada yangu amepasuliwa apendiksi majuzi, na tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Jamaa, majirani, wazazi wa wanafunzi wenzake, wote wanauliza yale yale: inaletwa na nini, mnaijuaje, ni lazima kupasuliwa? Kijana mwenyewe ameniruhusu nisimulie habari zake, mradi nisimtaje jina.

Swali la matuta lina msingi. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, walichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ matokeo ya kuwauliza wagonjwa wao swali hilo hilo. Kati ya wagonjwa 34 waliothibitishwa kuwa na apendiksi iliyovimba, na ambao walikuwa wamepita kwenye matuta wakija hospitalini, 33 walisema maumivu yalizidi gari liliporuka. Wapo pia wengi waliosema yalizidi na baadaye ikaonekana wana ugonjwa mwingine. Kwa hiyo jibu la "ndiyo" halithibitishi apendiksi, ila jibu la "hapana" linapunguza sana wasiwasi. Hapa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, huwezi kutoka mtaani mpaka barabara kuu bila kuruka matuta kadhaa, kwa hiyo wagonjwa wangu karibu wote hufika wakiwa wameshapimwa na barabara. Kilichobaki ni kuwauliza.

Sababu ya maumivu hayo iko kwenye utando mwembamba unaofunika tumbo kwa ndani. Apendiksi ikivimba mpaka ikaugusa, utando huo nao hukereka, na mtikisiko wowote unaousugua humwumiza mgonjwa: tuta, kikohozi, kupiga chafya, kushuka ngazi.

Apendiksi yenyewe, au kidoletumbo, ni kimrija chembamba kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini kulia mwa tumbo. Kwa mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 9 hivi. Ni kichochoro kisichopenya, kina mlango mmoja tu. Mlango huo ukizibwa, ute unaotengenezwa ndani hukosa pa kutokea, bakteria huzaana, shinikizo hupanda, na mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ukuta wake hubanwa mpaka damu isipite. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa. Ikifa hutoboka, na usaha pamoja na uchafu wa utumbo humwagika tumboni.

Kinachoziba mara nyingi ni kipande kidogo cha kinyesi kilichokauka kikawa kigumu. Kwa watoto na vijana, tishu za kinga zilizo ndani ya ukuta wa apendiksi zinaweza kuvimba baada ya maambukizi mengine na kuubana mlango. Mara chache huwa ni minyoo, na kwa wazee tunafikiria pia uvimbe wa saratani. Mbegu za mapera, ambazo nyanya yangu alitukataza kuzimeza, hukutwa humo kwa nadra sana. Mwacheni mtoto ale pera lake. Kukimbia baada ya kula hakuleti apendiksi, wala kulala njaa. Ugonjwa huu huwapata zaidi walio kati ya miaka 10 na 30, wanono kwa wembamba, na hakuna mzazi anayepaswa kukaa wodini akijiuliza alimlisha nini mwanawe.

Sasa habari za kijana. Dada yangu anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, kwenye jengo lisilo na lifti. Jumapili jioni mwanawe aliisogeza kando sahani ya chapati na ndengu, akasema hana hamu. Ana miaka 16. Wanaomjua wanaelewa maana ya yeye kuacha chapati. Akasema tumbo linamsumbua hapa katikati, kwenye kitovu, maumivu ambayo hata hawezi kuyaelekeza kwa kidole. Usiku akatapika. Asubuhi dada akashuka naye hadi duka la dawa la mtaani. Aliyekuwa kaunta alimchoma kidole, akasema ana taifodi, akampa antibiotiki na dawa ya kutuliza asidi. Hakumgusa tumbo.

Kufikia saa nane mchana dada akanipigia simu. "Sasa anasema kitovu kimeacha kuuma, ila pameanza kuuma huku chini kulia. Amekunja goti hilo la kulia na hataki mtu amsogeze." Nilimwambia asimpe chakula chochote na wateremke mara moja. Anasema alishuka ngazi zile zote kama mtoto anayejifunza, mguu mmoja, halafu wa pili kwenye ngazi ile ile, mkono umeshika ubavu. Dereva wa teksi alipoona hali ilivyo akawa anayakaribia matuta polepole kabisa, na bado kijana alikuwa anajiinua kwenye kiti kila mara.

Alipofika nilimlaza chali.

"Mama mdogo, usiguse."

"Sigusi bado. Kohoa kwanza."

Akakohoa mara moja, na mkono wake ukaenda wenyewe mahali pamoja. Ukichora mstari kutoka kitovuni hadi ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia, mahali hapo ni karibu na theluthi ya mwisho, upande wa nyonga. Daktari wa upasuaji wa New York, Charles McBurney, alipaeleza mwaka 1889, na mpaka leo tunapaita kwa jina lake. Nilianza kumpapasa mbali na hapo, upande wa kushoto, kwa vidole vilivyolala, huku nikimtazama usoni na si tumboni. Nilipobonyeza kushoto alikunja uso akasema panauma kulia. Nilipofika kulia misuli ya tumbo ilikaza chini ya kiganja changu bila yeye kuamua. Sikuendelea. Kuna desturi ya kubonyeza kwa nguvu halafu kuachia ghafla ili kuona kama ataruka kwa maumivu. Mimi siioni haja yake kwa mtu ambaye kikohozi kimeshasema. Nikamwita mwenzangu wa zamu ampime upya tangu mwanzo, kwa sababu mtu hapaswi kuwa hakimu peke yake juu ya ndugu yake. Akafika kwenye jibu lile lile.

Ninachotaka kila nyumba ikijue ni ule mwendo wa maumivu, kutoka kitovuni kwenda chini kulia. Apendiksi inapoanza kuvimba, habari zake hupelekwa na neva za utumbo, ambazo hazijui kuelekeza vizuri. Huingia kwenye uti wa mgongo mahali zinapoingia neva za ngozi ya kitovu, na ubongo hudhani kitovu ndicho kinachouma. Saa kadhaa baadaye uvimbe unapofika kwenye ule utando unaofunika tumbo kwa ndani, neva nyingine zinachukua kazi, na hizo huelekeza barabara. Ndipo mgonjwa anaweza kuweka kidole kimoja na kusema hapa. Mara nyingi hayo yote hutokea ndani ya siku moja.

Kwa hiyo mgonjwa anaponiambia "naumwa na tumbo", bado hajaniambia neno. Akiniambia yalianza lini, yalianzia wapi, yakahamia wapi, kipi kilitangulia kati ya maumivu na kutapika, amenipa zaidi ya mashine yoyote tuliyo nayo. Kwenye apendiksi maumivu kwa kawaida hutangulia, kutapika hufuata. Aliyeanza kwa kutapika na kuharisha, maumivu yakaja baadaye, mara nyingi amekula kitu kibaya. Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alipanga dalili hizi kuwa alama zinazojumlishwa hadi 10: maumivu kuhama, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, homa, kuumia anapobonyezwa chini kulia, kuumia anapoachiwa, na seli nyeupe za damu kupanda, zikiwemo zile changa. Akifika 7 au zaidi tunampigia simu daktari wa upasuaji. Akiwa na 5 au 6 tunamweka, tunampima tena baada ya saa chache. Angalieni alama tatu kati ya hizo zinatoka mdomoni mwa mgonjwa peke yake. Ndiyo maana nawasihi wazazi wamwache mtoto aeleze mwenyewe, kwa maneno yake, kabla hawajaanza kumsemea.

Hili la taifodi linaniuma moyo na lazima niliseme. Tumbo lolote mjini hapa likienda dukani linarudi na moja kati ya majina mawili, taifodi au vidonda vya tumbo. Kile kipimo cha haraka cha taifodi, na hata kile kingine kiitwacho Widal, hutafuta kingamwili kwenye damu. Mtu aliyewahi kuugua, au aliyechanjwa, au mwenye maambukizi mengine, anaweza kuwa nazo. Jibu moja la namna hiyo haliwezi kumthibitishia mtu taifodi leo; uthibitisho wa kweli ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu yake. Taifodi huanza na homa inayopanda siku baada ya siku, kichwa kikiuma, mwili ukilegea. Haianzi kitovuni Jumapili jioni ikahamia nyonga Jumatatu mchana. Na hizo antibiotiki za kaunta zinaleta hasara ya pili: zinaweza kuupunguza moto bila kuuzima. Mgonjwa anapata nafuu ya siku mbili, anasema Mungu ni mwema, anarudi kazini, kumbe usaha unajikusanya. Wauza dawa wengi ni watu wema na ndio walio karibu na wananchi. Ninachowaomba ni kitu kimoja tu: mtu akishika upande wa kulia, mwambieni aende apimwe tumbo kwa mkono.

Kwa wasichana na kina mama kazi ni nzito zaidi, kwa sababu majirani wa apendiksi ni wengi. Ovari ya kulia iko hapo hapo, inaweza kuwa na uvimbe wa maji uliopasuka au ikajisokota. Maambukizi ya mirija ya uzazi huuma hapo. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma hapo, na inaua kwa kutoka damu ndani, haraka kuliko apendiksi. Ndiyo maana kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa tunampima mimba, hata akisema haiwezekani. Akiwa ni msichana wa shule, humwomba mama yake atoke nje kidogo, nafunga pazia, nauliza kwa sauti ya chini. Mama asichukie. Hatumshuku mwanawe, tunamlinda.

Vipimo vya maabara ni vya kusaidia. Tunahesabu seli za damu: zile nyeupe zikipita 10,000 kwa kila mikrolita, kuna mwili unaopigana, lakini unapigana na nini, hesabu haisemi. Mkojo tunaupima kutafuta maambukizi au damu ya mawe ya figo, ingawa apendiksi iliyolalia karibu na kibofu inaweza kuuchafua mkojo kidogo na kutupotosha. Kisha picha. Ultrasaundi haina mionzi na ni ya bei nafuu kidogo, ndiyo tunayoanza nayo kwa watoto na wajawazito. Anayepima hutafuta kimrija kisichobonyea, chenye kipenyo cha zaidi ya milimita 6. Ila inategemea sana mkono wa anayepima, na gesi ya utumbo au unene wa mgonjwa unaweza kuificha. Ripoti ikisema "apendiksi haikuonekana", haimaanishi haina tatizo. Nimeona watu wakiipeleka ripoti hiyo nyumbani kama cheti cha kupona. Picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta, inaona vizuri zaidi, lakini ina mionzi na gharama yake si ya kila mfuko, kwa hiyo tunaiomba pale ambapo hadithi na tumbo havikubaliani, hasa kwa watu wazima.

Mwenzangu alipomwona kijana, picha ya ultrasaundi ilithibitisha tu. Alipata dripu, dawa ya maumivu, na antibiotiki za mshipani, ceftriaxone na metronidazole. Dawa ya maumivu inawashangaza watu, kwani zamani wagonjwa waliachwa waumie kwa hofu kwamba dawa itaficha ugonjwa. Utafiti umeonyesha kumpunguzia mtu maumivu hakumzuii daktari kugundua. Hata ukiwa nyumbani unaweza kumeza paracetamol na maji kidogo ukiwa njiani kuja. Kisichofaa ni dawa ya kuendesha tumbo, au maji ya kusafisha utumbo, kwa sababu utumbo ukianza kujikaza karibu na apendiksi iliyooza unaweza kuipasua. Na msile. Chumba cha upasuaji kinataka tumbo tupu.

Halafu ikaja fomu ya ridhaa. Mtoto chini ya miaka 18 husainiwa na mzazi, na dada yangu alishika kalamu akasita. Shemeji yangu ni dereva wa lori, wakati huo alikuwa njiani kuelekea Malaba, mpakani mwa Uganda, na nyumbani kwao jambo kama hilo halikatwi bila baba. Tukampigia. Alisimamisha lori kando ya barabara, akauliza swali moja, "Ikingoja mpaka nirudi?" Nikamweleza kwamba kadiri saa zinavyokwenda, hasa zikipita 36 hivi tangu maumivu yaanze, hatari ya kutoboka inapanda. Akasema, "Shemeji, saini." Nilimwambia ni mkewe atakayesaini, na dada akasaini.

Fedha isimfungie mtu nyumbani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na apendiksi ni dharura. Hilo mlishike mnapofika mapokezi. Pamoja na hilo, jiandikisheni SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na muwaandikishe watoto mkiwa wazima, kwa sababu saa tano usiku mtoto anapolia si wakati wa kutafuta namba ya cheti cha kuzaliwa.

Upasuaji wenyewe si mrefu. Njia ya zamani, na ndiyo aliyofanyiwa kijana, ni mkato wa sentimita chache chini kulia: apendiksi inatafutwa, inafungwa shinani, inakatwa, inatolewa. Njia ya pili ni ya kamera, matundu matatu madogo na tumbo linajazwa gesi ili daktari apate nafasi ya kuona. Daktari Kurt Semm wa Ujerumani aliifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Kwa njia ya kamera kidonda huambukizwa kwa nadra zaidi na mtu hurudi kazini mapema, na kwa mwanamke ambaye hatuna hakika naye inamwezesha daktari kuangalia ovari pia. Lakini asiyekuwa na kamera karibu asisubiri kamera. Mkato wa kawaida uliofanywa leo ni bora kuliko matundu matatu ya wiki ijayo.

Je, dawa peke yake haziwezi? Zinaweza, kwa baadhi. Kule Ufini, katika utafiti uitwao APPAC, watu wazima wenye apendiksi ambayo haijatoboka walitibiwa kwa antibiotiki tu. Ndani ya mwaka mmoja asilimia 27 walilazimika kupasuliwa, na kufikia miaka mitano ilikuwa asilimia 39. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu hawakuhitaji kisu kabisa. Lakini wale walichaguliwa kwa picha ya CT, hawakuwa na kipande kigumu ndani ya apendiksi, walilazwa wakachomwa dawa za mshipani, na tatizo liliporudi walikuwa na hospitali ya kukimbilia. Kwa mtu wa Nairobi anayeweza kufika hospitalini usiku wowote, na aliyepigwa picha nzuri, ni mazungumzo halali na daktari wake. Kwa anayesafiri wiki ijayo kwenda kukaa mahali ambapo hospitali ya upasuaji iko mbali, mimi ningemshauri apasuliwe. Vidonge vya kaunta havimo kabisa kwenye mazungumzo haya.

Kuna jambo moja linalowadanganya hata watu makini. Apendiksi ikitoboka, shinikizo lililokuwa ndani hushuka, na maumivu yanaweza kupungua kwa muda. Familia inapumua. Kisha tumbo zima linaanza kuuma, linakuwa gumu, homa inapanda, moyo unakwenda mbio, mgonjwa analala bila kutikisika kwa sababu kila pumzi inamwumiza. Hapo upasuaji unakuwa mkubwa, tumbo linaoshwa, na mtu anaweza kukaa wodini wiki badala ya siku mbili. Wakati mwingine mwili huzungushia usaha ukuta, likawa jipu, nasi tunalitoa usaha na kumpa dawa kwanza. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikutwa na jipu hilo Juni 1902, siku mbili kabla ya kutawazwa. Sherehe ikaahirishwa hadi Agosti, na daktari wa upasuaji Frederick Treves akamtoa usaha bila hata kuiondoa apendiksi. Binti yake Treves mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1900 kwa ugonjwa huu huu. Nikisoma hayo huwa nafikiria jinsi ugonjwa huu usivyojali wewe ni nani, unajali umechelewa kiasi gani.

Wapo ambao hawatakupa hadithi niliyoieleza. Mtoto wa chini ya miaka 5 hawezi kukueleza maumivu yamehama, atalia tu, atakataa kula, atakataa kutembea, na mara nyingi hufika kwetu imeshatoboka. Mzee wa miaka 70 anaweza asiwe na homa wala maumivu makali. Mjamzito, mfuko wa uzazi unaokua unaweza kuisukuma apendiksi juu, maumivu yakawa karibu na mbavu, na kila mtu akadhani ni mtoto anapiga teke. Na wapo ambao apendiksi yao imejificha nyuma ya utumbo, wanaumwa mgongoni; au imeshuka kwenye nyonga, wanaharisha kidogo na kukojoa mara kwa mara. Hao wote, maumivu yasiyoisha ndani ya saa chache yatosha kuwaleta.

Kijana alitembea siku ya pili, akilalamika. Apendiksi iliyokatwa ilipelekwa maabara, kama inavyotakiwa kufanywa kila mara, ili kuhakikisha hakuna kingine kilichojificha humo. Ameshaanza kula vizuri, na kukosa apendiksi hakumzuii kula chochote. Shule atarudi karibuni, lakini mpira na mitungi ya maji aliyokuwa akimpandishia mama yake hadi ghorofa ya sita itasubiri kama wiki 6. Dada nimempa ya kuangalia: homa inayorudi, kidonda kinachovimba au kutoa usaha, maumivu mapya chini ya kitovu pamoja na kwenda choo mara kwa mara. La mwisho ni la miaka mingi ijayo, kwani makovu ya ndani yanaweza kuubana utumbo: akianza kutapika huku tumbo limejaa na hapitishi hata hewa, aletwe siku hiyo hiyo, na amwambie anayempima kwamba aliwahi kupasuliwa tumbo.